Asilimia 35 iliyogeuka 81: nani hasa analipa ushuru wa nguo za Idd?

Swali: "Assalaam aleikum mwalimu. Mimi na wenzangu wanne wa chama hapa Likoni, Mombasa, tuliagiza nguo 100 za watoto kutoka China kwa simu, nyingine tuuze kabla ya Idd na nyingine tuwavishe wanetu. Kila nguo ilikuwa shilingi 450, jumla 45,000. Nauli ya meli pamoja na bima ikawa 15,000, tukalipa. Mzigo umefika bandari ya Kilindini na wakala anatwambia ushuru ni 36,660. Nikamuuliza ni asilimia ngapi, akasema nguo ni 35. Nimepiga hesabu mwenyewe: asilimia 35 ya 45,000 ni 15,750. Hizo nyingine zimetoka wapi? Tumeibiwa? Na kwa nini tulipe sisi, ilhali Mchina ndiye anayeuza bidhaa yake huku? Tena nasikia Marekani wamewapandishia Wachina ushuru. Sisi tutapata nafuu au tutaumia zaidi?" Mama wa watoto watatu, Likoni.

Jibu: Wa aleikum salaam, dada yangu. Nianze na lile linalokunyima usingizi. Kwa upande wa ushuru, hamkuibiwa. Hiyo 36,660 imetimia hadi shilingi ya mwisho. Lakini una haki ya kushtuka. Nimefanya kazi ya kutoa mizigo bandarini miaka mingi, na watu walioketi mbele ya meza yangu wakiwa na uso kama wako siwezi kuwahesabu. Wote walikuwa wameambiwa namba moja, kisha wakadaiwa nyingine, na hakuna aliyekaa nao akawaonyesha njia iliyopitwa kutoka ile ya kwanza hadi ile ya pili. Basi tuipite pamoja.

Kosa lako ni moja tu: ulianzia 45,000. Forodha haianzii hapo. Kwa mzigo wa meli, sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inautazama mzigo ukiwa umeshafika kwenye gati: bei uliyomlipa muuzaji, nauli ya meli, na bima, vyote vikiwa kitu kimoja. Kwenu nyinyi hiyo ni 60,000. Ushuru wa forodha wa asilimia 35 unakatwa hapo, nao ni 21,000. Umeona? Kabla hatujagusa kodi nyingine yoyote, mmeshalipa 5,250 kwa sababu ya safari ya baharini peke yake.

Sasa inakuja VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16. Hii ndiyo inayowachanganya watu zaidi. VAT haikatwi kwenye 60,000. Inakatwa kwenye 60,000 ukishaongeza ule ushuru wa 21,000, yaani kwenye 81,000. Ni kodi juu ya kodi, kwa maana halisi ya maneno hayo. Asilimia 16 ya 81,000 ni 12,960. Kisha kuna ada ya tamko la uagizaji, ile mawakala wanayoiita IDF, asilimia 2.5 ya 60,000, nayo ni 1,500. Na mwisho tozo ya maendeleo ya reli, asilimia 2 ya hiyo 60,000, ni 1,200. Jumlisha: 21,000 na 12,960 na 1,500 na 1,200. Utapata 36,660.

Kwa hiyo wakala wako hakukudanganya aliposema 35, ila alikutajia ghorofa ya kwanza ya nyumba yenye ghorofa nne. Ukikusanya zote, nguo mpya inayoingia kwa meli inalipa asilimia 61.1 ya thamani yake bandarini. Na ukilinganisha na ile bei mliyoiona kwenye simu, 45,000, mmetozwa zaidi ya asilimia 81.

Nataka tutulie kidogo kwenye hiyo 81, kwa sababu ndipo penye jambo ambalo wengi hawalioni, na mimi linanikera tangu zamani.

Chukua mtu mwingine, aagize gauni moja la harusi la shilingi 45,000. Thamani ni sawasawa na mzigo wenu wote. Lakini gauni moja halichukui nafasi kubwa melini, tuseme nauli na bima yake ni 1,000. Thamani bandarini ni 46,000, na kodi zote kwa kiwango hichohicho cha nguo ni 28,106. Huyo ametozwa asilimia 62 ya bei aliyonunulia. Nyinyi wenye nguo 100 za watoto wa Likoni mmetozwa 81. Sheria ni moja, kiwango ni kimoja, karani aliyepitisha karatasi ni mmoja. Tofauti ni kwamba bidhaa ya bei rahisi hubeba nauli kubwa ukiilinganisha na bei yake, na nauli inatozwa ushuru kama vile nayo ni nguo. Kadiri kitu kinavyokuwa rahisi kule kinakotoka, ndivyo kodi yetu inavyokiuma zaidi kikifika hapa. Hakuna aliyekaa akaandika sheria kwamba maskini alipe zaidi. Imetokea hivyo kwa namna hesabu ilivyopangwa, na anayenunua vitu vya 450 ndiye anayeumia.

Mnakumbuka mwaka wa 2021, wakati wa korona, nauli za makontena kutoka Asia zilipopanda mara kadhaa? Hata pale asilimia za ushuru zilipobaki zilezile, ushuru aliolipa mtu kwa shati lilelile ulipanda, kwa sababu nauli iliyomo ndani ya hesabu ilipanda. Na shilingi pia ina mkono wake. Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160. Baadaye mwaka huohuo ikateremka hadi karibu 129 na kukaa hapo. Kwa viwango vya mwaka huo, tozo ya reli ikiwa bado 1.5, mzigo wa nguo wenye thamani ya dola 100 bandarini ulikuwa ukilipa kodi ya 9,696 dola ilipokuwa 160. Kwa 129 ukawa unalipa takriban 7,817. Muuzaji hakupunguza bei, Bunge halikubadilisha sheria, na bado kuna karibu shilingi 1,900 za kodi peke yake zilizokuja na kuondoka. Kwa hiyo anayeagiza vitu nje anapaswa kuangalia bei ya dola kabla ya kubonyeza "nunua", kama mvuvi anavyoangalia upepo.

Sasa hizo kodi zimetoka wapi. Ule ushuru wa 35 si wa Kenya peke yake. Umoja wa forodha wa Afrika Mashariki ulipoanza 2005, nchi wanachama zilikubaliana viwango vitatu kwa bidhaa za kutoka nje ya jumuiya: malighafi sufuri, bidhaa zilizotengenezwa nusu asilimia 10, na bidhaa zilizokamilika asilimia 25. Julai 2022 kikaongezwa kiwango cha nne, asilimia 35, kwa vitu ambavyo ilionekana vinaweza kutengenezwa hapa kwa wingi: nguo, fanicha, bidhaa za ngozi, vyombo vya udongo na vinginevyo. Nguo zenu zimeingia humo. Kuna pia orodha ya bidhaa nyeti zenye viwango vya juu zaidi. Wauza nguo wa Biashara Street hapa mjini wanajua kwamba kanga, kikoi na kitenge viliwekwa humo kwa asilimia 50. Mchele umo kwa asilimia 75, ingawa Kenya huomba ruhusa ya kutoza 35, maana Pakistani inayotuuzia mchele ndiyo pia mnunuzi mkubwa wa chai yetu inayopigwa mnada hapahapa Mombasa. Sahani ya biriani nayo ina siasa yake ya forodha.

Tozo ya reli ilianza 2013 ili kujenga reli ya kisasa, na treni ya Mombasa hadi Nairobi ikazinduliwa Mei 31, 2017. Ilianza kwa asilimia 1.5, ikapanda hadi 2, ikashuka tena hadi 1.5 mwaka 2023, na mwisho wa 2024 ikarudi 2. IDF nayo ilikuwa 3.5 kabla ya kushushwa hadi 2.5 mwaka 2023. Nimekutajia panda shuka hii kwa sababu kila Juni bajeti husomwa na Julai mosi viwango vingi hubadilika. Hesabu niliyokupigia ni ya viwango vya 2025. Ukiagiza mzigo ambao utakuwa baharini wakati Juni inakwisha, unaweza kuondoka China na kodi moja na kufika Kilindini ukakutana na nyingine.

Ukaniuliza kwa nini Mchina halipi.

Kisheria jibu ni fupi: anayedaiwa ushuru ni mwagizaji, na mwagizaji ni nyinyi. Muuzaji wa Guangzhou kule China hana uhusiano wowote na KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya. Lakini najua hukuuliza sheria, umeuliza haki, na hapo jibu ni refu kidogo. Inawezekana, tena hutokea, kwamba nchi ikitoza ushuru, muuzaji wa nje anashusha bei yake ili asipoteze wateja. Akishusha, amebeba sehemu ya ushuru huo, hata kama jina lake halimo kwenye risiti. Ila hufanya hivyo pale anapomhofia mnunuzi. Kenya inanunua sehemu ndogo mno ya nguo za China. Kiwanda kinachoshonea dunia nzima hakiwezi kushusha bei kwa sababu ya chama cha wanawake watano wa Likoni, wala kwa sababu ya Kenya nzima. Kwa hiyo mzigo wote unabaki mabegani mwenu. Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ndivyo ushuru wetu unavyoonekana ukiwa Guangzhou.

Hata mnunuzi mkubwa kuliko wote hakufaulu kuusukuma nje. Marekani ilipowapandishia Wachina ushuru 2018 na 2019, wachumi Mary Amiti, Stephen Redding na David Weinstein walifuatilia bei za bidhaa zikiingia bandarini kule. Walikuta kwamba karibu ushuru wote ulilipwa na Wamarekani wenyewe. Bei walizotoza Wachina kabla ya ushuru hazikushuka kwa kiasi cha kutajika. Kama Marekani, na ukubwa wake wote, ilishindwa kumshusha muuzaji, sisi tutamshusha kwa nguvu gani?

Kuna jambo jingine lililoonekana kulekule ambalo nataka ulielewe vizuri, kwa sababu litawagusa hata wale ambao hawajawahi kuagiza kitu nje. Mwaka 2018 Marekani iliweka ushuru wa pekee kwa mashine za kufulia nguo. Watafiti Aaron Flaaen, Ali Hortaçsu na Felix Tintelnot wakafuatilia bei madukani. Mashine za kufulia zilipanda bei kwa karibu asilimia 12. Lakini mashine za kukaushia nguo, ambazo hazikuwekewa ushuru wowote, nazo zikapanda karibu kiasi hichohicho. Kwa nini? Kwa sababu watu kule hununua mbili pamoja, na maduka yaliona nafasi ya kugawa bei juu ya zote mbili. Na viwanda vya ndani, vilivyokuwa vinashindana na za nje, navyo vikapandisha, maana mshindani alikuwa ameshapandishiwa.

Lilete hilo Mombasa. Nguo mpya za China zikipandishwa na ushuru, mwenye mitumba wa soko la Kongowea anajua kwamba mteja hana pa kukimbilia, naye anaongeza. Fundi aliyekuwa akishona gauni la mtoto kwa bei fulani anaangalia bei ya dukani, kisha anasogea karibu nayo. Sisemi hivyo kumlaumu fundi. Yeye naye ananunua uzi na zipu vilivyopita bandarini. Ninachosema ni kwamba ushuru unamfikia hata mama asiye na simu ya kuagizia chochote, na yeye hatapata risiti yoyote ya kumwonyesha ni kiasi gani.

Utasema: basi ushuru wa nini? Sitaki uondoke ukidhani mimi ni adui wa ushuru. Kuna watu wanaoshona, kuna vijana wa useremala wanaotengeneza vitanda na makochi mazuri sana kando ya barabara za mji huu, na fanicha ya nje ingeingia bila ushuru wengi wao wangefunga kazi mapema. Ushuru wa fanicha nauona ukifanya kazi kwa macho yangu. Kwenye nguo za bei ya chini nina shaka. Viwanda vikubwa vya nguo vya EPZ, yale maeneo maalumu ya kutengeneza bidhaa za kuuza nje, hushona hasa kwa ajili ya soko la nje, Marekani ikiwa mbele. Mtoto wa Likoni hajavaa nguo ya kiwanda hicho. Katika bei yenu, mshindani wa nguo ya China ya 450 kwa kweli ni mitumba. Na tulijaribu kuigusa hiyo: mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuiondoa mitumba polepole, Marekani ikatishia kutunyima nafasi ya kuuza nguo kwake bila ushuru, Kenya ikarudi nyuma, Rwanda ikakaza, na 2018 ikasimamishiwa nafasi hiyo upande wa nguo. Kwa hiyo tunalinda nguo kwa ushuru mkubwa, huku mlango mwingine wa nguo uko wazi. Kwa maoni yangu, kiwango cha 35 kwa nguo ndogo za watoto kinamwumiza mnunuzi kuliko kinavyomsaidia mshonaji, na kama kuna mbunge wa pwani anayetafuta jambo la kusemea bungeni wakati wa bajeti, hili lipo.

Kuna na ukosefu wa usawa mwingine ulio ndani ya VAT. Mfanyabiashara aliyesajiliwa kwa VAT, na sheria inamtaka asajiliwe mauzo yake yakifika shilingi milioni 5 kwa mwaka, akilipa ile 12,960 bandarini huidai tena anapofanya hesabu zake na KRA. Ni kweli kwamba naye hutoza VAT anapouza, lakini ile ya bandarini haikai juu yake. Chama chenu hakijasajiliwa. Kwenu 12,960 ni gharama iliyokwisha, imo ndani ya kila nguo, hairudi.

Tuje kwa Marekani na China. Aprili 2025 ushuru wa Marekani juu ya bidhaa za China ulifika asilimia 145, na mwezi uliofuata ukashushwa hadi 30 baada ya mazungumzo. Lakini kwa mnunuzi wa kawaida kule, pigo kubwa lilikuwa jingine. Tangu 2016 kifurushi chochote cha chini ya dola 800 kiliingia Marekani bila ushuru, na maduka ya mtandaoni kama Temu na Shein yalijengwa juu ya mlango huo. Mei 2, 2025 ukafungwa kwa vifurushi vya China na Hong Kong, na Agosti 29 ukafungwa kwa dunia nzima. Maduka hayo mawili yalitangaza kupandisha bei hata kabla ya tarehe ya kwanza kufika. Mnunuzi wa Marekani aliyezoea nguo ya dola chache aligundua kile ambacho wewe umekigundua wiki hii: bei ya kwenye simu haikuwa bei ya kweli, ilikuwa bei ambayo haijaulizwa kodi.

Kwetu mambo yanaweza kwenda pande mbili. Kiwanda cha China kilichopoteza mteja wa Marekani hutafuta mwingine, na huyo mwingine anaweza kuwa sisi, kwa bei nzuri zaidi. Kwa muda hilo ni nafuu, na mafundi wetu wataliona kama balaa. Upande wa pili, meli na makontena hufuata fedha. Biashara ya dunia ikivurugika, nauli hupanda na kushuka bila mpangilio, na umeshaona nauli inavyoingia kwenye ushuru wako. Ukiniuliza nini cha kutegemea, nitakwambia usipange biashara yako kwa kutegemea vita vyao. Bei ya kiwandani ikishuka kwa shilingi 50, kwenye hesabu yako ya mwisho utapata nafuu ya kama shilingi 80 kwa nguo. Ni kitu, lakini nauli moja mbaya inaimeza.

Sasa mzigo wenu, maana muda unakwenda.

Lipeni kwanza. Mzigo ukizidisha siku za bure bandarini au kwenye ghala la makontena, gharama ya kuhifadhi huanza kukimbia kila siku, na hiyo haina wa kuihurumia. Kama kuna jambo la ushuru mnaona halikuwa sawa, sheria inawapa siku 30 kuomba lipitiwe upya, na mnaweza kufanya hivyo baada ya kutoa mzigo. Mwombeni wakala nakala ya tamko la forodha na uthibitisho wa malipo. Humo mtaona namba ya uainishaji wa bidhaa na kila kodi kwenye mstari wake. Ada ya wakala, malipo ya bandari na usafiri wa kuvusha mzigo Likoni ni vitu tofauti na hiyo 36,660. Hapo ndipo mfungue macho, kwa sababu hapo hakuna kiwango kilichoandikwa gazetini. Akisema "kila kitu pamoja", mwambieni kwa heshima avitenganishe.

Kuna watakaowaambia kwamba safari nyingine muandike bei ya chini kwenye ankara ili ushuru upungue. Msikubali. Maafisa wa forodha hawalazimiki kuiamini ankara. Wakiitilia shaka wanaweza kutumia bei ya bidhaa kama hiyo iliyoingizwa na watu wengine. Nilimwona mteja mmoja aliyeshawishika kuandika nusu ya bei. Mzigo ukazuiliwa, akaongezewa thamani kuliko hata ile ya kweli, akapigwa faini, na gharama za kuhifadhi zikaendelea wiki baada ya wiki mpaka zikaukaribia mzigo wenyewe. Alikuwa na duka dogo la viatu. Sasa hana. Na mkipata punguzo la kweli kwa muuzaji, hifadhini ujumbe wa malipo, kwa sababu bei ya chini sana isiyo na ushahidi inafanana na ya uongo.

Kwa safari ijayo, pigeni hesabu hii kabla ya kutuma fedha. Jumlisheni bei, nauli na bima. Kwa bidhaa ya kiwango cha 35 zidisheni kwa 1.61. Kwa ya 25, ambayo ni bidhaa nyingi zilizokamilika, zidisheni kwa 1.5. Kwa ya 10 zidisheni kwa 1.32, na kwa ile isiyo na ushuru wa forodha kabisa zidisheni kwa 1.21, kwa kuwa VAT, IDF na reli bado zipo. Simu zina kodi ya ziada ya bidhaa, asilimia 10 tangu 2022, kwa hiyo msizipige kwa hesabu hii. Muulizeni wakala kiwango kabla ya kuagiza, na muombe akiandike. Ulizeni pia kama kitu hichohicho hutengenezwa Tanzania au Uganda: kikija na cheti cha asili kutoka nchi ya jumuiya, ule ushuru wa forodha hamuulipi, na kwa nguo hiyo ni 35 yote pamoja na VAT iliyopanda juu yake.

Nguo iliyokuwa 450 kwenye simu inawatoka kwa shilingi 966 na senti 60 kwenye gati, kabla ya wakala, kabla ya lori, kabla ya feri. Chukueni gharama hizo mlizotenganishiwa, zigawanyeni kwa 100, ziwekeni juu ya hiyo 966.60, ndipo mpange bei ya kuuza. Kisha, kabla ya kuagiza tena, mmoja wenu apande matatu aende Biashara Street na Kongowea na nguo moja mkononi, aulize ya aina hiyo wanaiuza bei gani kwa jumla. Mwenye kuleta kontena zima hulipa nauli ndogo kwa kila nguo kuliko nyinyi, na kwa hivyo ushuru mdogo pia. Kama anawauzia kwa 950, nunueni kwake.